Papa Amerudisha Kibuyu ya Kasiksi

Laurence mutoto wangu,

Viazi iko mu chungu. Funga ndama mbele mvua inyeshe.

Mimi na Papa yako tumeenda Kibabi kuuzisha maziwa. Tumepita njia ya mulima, ile haifike kwa nyumba ya pombe. Ni yeye mwenyewe njo aliichagua.

Asubui Kanamugire, ule rafiki wake wa kunywa, alileta kibuyu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. "Ni kidogo tu, kaka, ngombe yako imezaa!" Papa akaipokea. Halafu akairudisha: "Kaka, hata Pasaka nilianza na kidogo, na watu wakaniokota mu mufereji." Akanigeukia, Kanamugire akisikia: "Mama Laurence, usiniache peke yangu leo. Kiu imenishika." Zamani kiu ile alikuwa anaificha, mupaka inamuangusha.

~~Kanamugire akirudi, umufukuze.~~ Hapana. Umupe maziwa, akae. Pengine naye amechoka na pombe.

Papa akiingia, umupe chakula mbio, sababu njaa inaamsha kiu. Na usimunuse tena mudomo. Umusalimie tu, kama vile mutoto anasalimia baba yake.

Ni mimi mama yako, bibi ya mwanaume kweli.