Hadithi za Abba Zilizozama Igogo

Abba, mwaka umetimia tangu utuache, wewe Mzee Inayat, fundi wa kutengeneza cherehani wa Mirongo. Duka limefungwa. Wateja wako wa zamani bado wanapita kuuliza kama kuna aliyerithi mikono yako, nasi tunawaambia hakuna.

Tunakumbuka ulivyokuwa mpole kwa kina mama washonaji. Mashine ya mjane uliitengeneza kwanza, ya tajiri ikasubiri, na tajiri akilalamika ulimwagizia chai. Samaki sato ulimtaka na pilipili nyingi mpaka Mama akakuogopea tumbo. Mwanza ulikuja ukiwa mtoto, na mtu akikuita mgeni ulimjibu kwa Kisukuma.

Zaidi ya yote tunazikumbuka Ijumaa. Tukishatoka msikitini na kula, ulinawa, ukashusha vitabu vyako vya Kiurdu kutoka juu ya kabati, ukatusomea huku ukigeuza kwa Kiswahili. Vilikuwa vya hadithi na mashairi ya Batwara. Neno hilo, ulituambia, ndilo mnalolitumia ndugu wakigawana mirathi, na ndilo mlilouita mwaka ule India ilipogawanywa na Pakistani ikazaliwa. Waandishi wale, ulisema, hawakuhangaika kuuliza nani alianza. Waliuliza jana yake nani alikunywa chai kwa nani. Hatumsahau yule mwokaji mikate wa hadithi moja, aliyehamia nchi mpya, na kila alfajiri akaendelea kuwaokea majirani aliowaacha ng'ambo ya mpaka, mikate ikakauka.

Ya kwako mwenyewe hukuyasema. Tulijua tu kwamba mlitoka kwenu na dada yako mkubwa, na kwamba yeye hakufika. Shamsha, mwanao wa kwanza, alipokuuliza yaliyompata, ulimwambia, "Yamo humu, mama. Nitafika hapo." Ukaendelea kusoma kipande kwa kipande. Hukufika.

Abba, tukuambie lililotokea, maana hatuna mwingine wa kumwambia. Vitabu vile ulivifunga kitambaa cha kijani, ukaviweka pamoja na Msahafu. Majalada yalishatoka, kurasa zimekuwa za kahawia, na maandishi yake machoni petu yalikuwa yale yale ya Kiarabu ya madrasa, tukadhani ndani yake, pamoja na hadithi, mna maneno ya Mungu. Mama hakuvigusa bila udhu. Kwa hiyo siku ya arobaini mkweo Shaibu, mume wa Shamsha, alivikusanya pamoja na juzuu zilizochanika, akavitia kwenye gunia safi lenye mawe, akakodi mtumbwi pale Igogo na kuvizamisha kwenye kina kirefu cha ziwa, kama ilivyo desturi kwa maandiko matakatifu yaliyochakaa. Sisi tulisimama ufukweni tukiitikia amina. Tuliona tumekuheshimu.

Mwezi wa Ramadhani alikuja shangazi Kausar, mdogo wako, kutoka Tabora. Ulipozikwa alikuwa kitandani, mgonjwa. Tulipomaliza kumwamkia tu, akasema, "Nileteeni vile vitabu vya kaka. Mimi Kiurdu nasoma kidogo kidogo. Hawa watoto nitawasomea palipobaki."

"Tumevistiri ziwani, shangazi," Shaibu akajibu. "Na dua tumesoma."

Shangazi akamtazama. "Dua ya nini, baba? Zile ni hadithi za watu."

Shaibu alikaa chini palepale. Hatukumlaumu, na hatumlaumu. Mjukuu wako Lukman alihangaika na simu akitafuta vingine, lakini hakuna kati yetu anayejua hata kitabu kimoja kiliitwaje, wala nani alikiandika. Shangazi naye hajui. Yeye alizaliwa hapahapa Mwanza, na ninyi wakubwa mlimficha yaliyotokea. Hata jina la dada yenu hakuwahi kutajiwa.

Watu wanatuambia tuyaache, maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, na ndiyo maana hatufarijiki. Ijumaa zinakuja, tunakula, tunakaa tunatazamana, kisha kila mtu anashika njia yake. Tulidhani tumezika mtu mmoja.

Unakumbukwa na mkeo Mboni, dada yako Kausar, wanao Shamsha na Khalidi, mkweo Shaibu, wajukuu zako Lukman na Raya, na kina mama washonaji wa Mirongo. Mwenyezi Mungu akurehemu. Wewe, Abba, tutakukumbuka daima. Yule dada yako mkubwa uliyekuwa ukimkumbuka wewe, hana tena wa kumkumbuka.