Saa ya Pasaa Mnadani

Karatu, Jumamosi, Septemba 1984

Upepo tangu asubuhi. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sukari, kwa hiyo leo sijafungua saa hata moja. Anayefungua saa siku ya upepo wa Septemba ni sawa na anayepepeta ngano ndani ya nyumba. Nimezitia ufunguo tu, nikazisikiliza moja moja sikioni, nikazirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga ninamozitunza na kulifunika kwa kitambaa.

Kopo lina saa moja zaidi kuliko jana asubuhi. Hiyo sikuisikiliza.

Sina amani.

Nianze na jina, maana bila jina hakuna atakayeelewa kwa nini mzee mzima amekosa raha kwa sababu ya saa ya mkono. Sisi Wamaasai, mtu akimpa mwenzake ng'ombe, tangu siku hiyo hawaitani tena kwa majina waliyozaliwa nayo. Wanaitana Pakiteng, wote wawili, aliyetoa na aliyepokea. Waliopeana kondoo huitana Paker. Zawadi ndiyo inakuwa jina.

Mimi na Lemayani tulikuwa majirani kule chini, ndani ya shimo la Ngorongoro, kabla hatujahamishwa. Siku ya kutawanyika yeye alielekea Endulen na ng'ombe wake. Mimi, mwalimu, nilikuja huku Karatu kwenye chaki na jembe. Sikuwa na ng'ombe wa kumpa. Nikavua saa mkononi nikampa. Alicheka mpaka akashika magoti. Akasema kina Pakiteng wamejaa nchi nzima, ukimwita mmoja wanageuka kumi, lakini kina Pasaa tutakuwa wawili tu duniani.

Tangu hapo ananiita Pasaa, nami namwita Pasaa. Mke wangu Mama Anna, ambaye ni Mwiraqw, kwa muda mrefu alidhani hilo ni jina la ukoo wetu.

Ilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizopata kuwa nazo. Niliinunua Arusha kwa fundi mmoja wa Kihindi, baada ya kuitazama dirishani kwake likizo baada ya likizo. Ya chuma, uso mweusi, ya kujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na kidirisha kidogo cha tarehe. Kabla ya kumkabidhi Pasaa niliiwekea majira ya Kiswahili. Saa moja asubuhi mshale mfupi uko kwenye moja, hauko kwenye saba kama wanavyoweka Wazungu. Sisi wengine tunavaa saa ya Kizungu na kusoma namba ya ng'ambo ya pili, tumezoea hivyo hata hatujioni tukifanya. Pasaa hakupita shule, na sikuona kwa nini aianze kila siku yake kwa hesabu.

Nilipoiweka vile, nilihakikisha tarehe inageuka jioni, jua likizama. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Alisema Wazungu wanabadilisha siku watu wakiwa wamelala, kama wezi, lakini hii inajua siku inaishia wapi.

Mkewe alimshonea kipande cha ngozi kipana cha kuzunguka kifundo cha mkono, chenye shanga pembeni, na saa ilikaa juu yake kama mzee kwenye kigoda chake. Kila alipokuja mnadani alilala kwangu. Usiku tulikunywa chai, na asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilimfungulia saa mezani, nikafuta vumbi kwa brashi ya nywele laini, nikatia mafuta kwa ncha ya sindano. Nilimfundisha asiivae siku ya kuogesha ng'ombe, maana dawa inakula mpira unaozuia maji. Asiivae kwenye vumbi zito. Asimruhusu mtu yeyote aipake mafuta ya cherehani, hata aape vipi. Kila nilipoifungua nilikwangua alama ndogo upande wa ndani wa kifuniko, kama wafanyavyo mafundi. Alama zetu zilikuwa zimejaa nusu ya mviringo.

Sasa jana.

Jana ilikuwa mnada. Nilikwenda kutafuta chumvi ya ng'ombe na, nisijidanganye, kutazama saa. Kuna mtu huja kutoka Arusha na kutandika mkeka karibu na wauza mitumba. Sehemu kubwa ya alichonacho ni saa mpya za kubonyeza zilizopita mpakani, zinazowaka namba nyekundu na kufa mvua ya kwanza. Ila pembeni huwa anaweka za zamani, na kwa hizo huwa nachuchumaa.

Niliiona kabla sijachuchumaa. Uso mweusi, mkanda wa nailoni wa kijani niliokuwa siujui. Nilijiambia saa za namna ile ni nyingi. Kisha nikatazama mishale. Saa zote nyingine kwenye mkeka zilikuwa zinakaribia kumi na mbili na nusu za Kizungu. Hii peke yake ilikuwa inakaribia sita na nusu.

Muuzaji aliona macho yangu yanakotazama. "Hiyo imepotea masaa sita, mzee wangu, lakini inatembea. Ukimpata fundi anakurudishia kwenye mstari."

Nikamwambia haijapotea.

"Haijapotea? Mzee, sasa hivi ni saa sita na nusu mchana. Hebu tazama mshale uko wapi. Uko kwenye sita."

Hakujisikia alichosema. Siku nyingine ningecheka na kulikaririsha neno hilo mwezi mzima.

Niliishika mgongo. Nilimwomba kisu, nikafungua kifuniko, na alama zangu zikawa zinanitazama.

Nilitamani iwe imeibwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitamani rafiki yangu awe ameibiwa. Nilimwuliza muuzaji ameipata wapi. Akasema ameletewa asubuhi ileile na mzee wa Kimaasai mwenye punda wawili, mtu mrefu mwenye jicho moja dogo kuliko jingine. Hakubishana sana. Aliifuta kioo kwa pindo la shuka, akaisogeza sikioni, ndipo akamkabidhi.

Lakini hata bila muuzaji kusema, saa ilikuwa imekwisha kusema. Saa za namna hii mkono ukizikosa hufa. Ukiivua leo, kesho kutwa imesimama, na atakayeifufua ataiwekea majira yake. Hii ilikuwa haijafa. Ilikuwa bado inatembea majira ya Pasaa, na joto la mkono wake lilikuwa halijaisha ndani yake. Kutoka Endulen kwa punda, kwa kupitia mlima Oldeani, mtu hulala njiani, na aliyefika mkekani asubuhi ameamkia hapahapa. Maana yake Pasaa alikuwa amelala Karatu usiku wa kuamkia mnada, mahali fulani, na punda wake, katika baridi hii.

Hakulala kwangu.

Nililipa bila kubishana, muuzaji akashangaa. Nikaiweka mfuko wa shati, nikaanza kumtafuta.

Nilimkuta wanapopimia mahindi kwa debe. Alikuwa ameinama anafunga mdomo wa gunia, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya shuka. Aliponiona alisimama, na tukasalimiana kama watu wazima wanavyosalimiana, bila haraka. Aliuliza watoto, mama, mvua, kondoo wangu wachache. Nami niliuliza watoto, mama, majani, ng'ombe. Kwa kila nilichouliza alijibu, "Wapo." Watoto wapo. Ng'ombe wapo. Kwenye salamu sisi hatusemi vingine, hata nyumba ikiwaka moto; habari mbaya husubiri mtu akae, anywe chai. Na yeye hakuwa na nia ya kukaa.

Alinichokoza kidogo, kama kawaida yake. Alinitazama vidole akasema, "Pasaa, hii mikono imekuwa ya jembe kabisa. Bado inaweza kufungua saa, au sasa unazilimia?"

Nikamwambia zinaota vizuri, tatizo ni nguruwe pori. Tukacheka. Kisha mimi, mjinga, badala ya kusema twende nyumbani, nikatazama mkono wake uliofichwa. Aliona nilivyotazama.

"Nimeiacha nyumbani," alisema. "Vumbi la mnada. Si wewe uliyenifundisha?"

"Umefanya vizuri," nikamwambia.

Saa ilikuwa kifuani kwangu, inagonga chini ya kitambaa. Niliogopa ataisikia, ingawa najua masikio yake hayajawa mazima tangu zamani.

Nilimkaribisha, lakini nilimkaribisha kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Akasema ana haraka, anataka kuupita msitu kabla nyati hawajatoka. Aliponyanyua gunia kumpakia punda ilibidi atumie mikono yote miwili, na shuka likafunguka. Ile ngozi ya shanga aliyoshonewa na mkewe ilikuwa bado imefungwa mkononi. Katikati yake palikuwa na mviringo mweusi, safi, mahali ambapo jua halijapafikia miaka yote hii.

Ameuza saa, na kiti chake amebaki amekivaa.

Nilirudi nyumbani na kumweleza Mama Anna kila kitu. Nilieleza vizuri, najua kueleza. Nilimwambia kioo kimekwaruzika upande wa saa mbili, kwamba ule mkanda wa nailoni ni wa bei ya chini na utamkata mtu ngozi, kwamba baada ya muda wote huu bila kufunguliwa inachelewa kidogo tu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage.

"Na yeye?" akauliza. "Amekonda?"



Nimekaa na swali hilo tangu jana. Saa ya rafiki yangu naweza kuichora kwa macho yaliyofumbwa, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Siwezi kusema kama mashavu yake yameingia ndani. Siwezi kusema alikuwa amevaa nini miguuni. Sikumbuki hata kama gunia alilolifunga lilikuwa limejaa.

Kule Endulen kulima kumezuiwa, na mwaka huu mvua imekataa. Mfugaji akikosa maziwa huuza mnyama anunue mahindi. Anayeuza saa badala ya mnyama, mnyama yuko wapi? Mtoto angelijua jibu. Mimi niliambiwa ng'ombe wapo, nikaitikia.

Na ghala langu lina mahindi. Si mengi, lakini yapo, naye anajua yapo, kwa kuwa ndiye hunicheka kwa ajili yake. Alipita karibu na nyumba yangu na punda watupu akaenda kupimiwa debe na watu asiowajua. Sidhani ni kwa kunichukia. Nadhani asingeweza kuingia mlangoni kwangu bila saa kisha anililie njaa, wala asingeweza kuingia na saa kisha aniombe chakula. Mtu aliyepewa jina hawezi kurudi kwa mwenye jina mikono mitupu na kusema niongeze.

Sasa nimfanyie nini? Nikimrudishia saa, namwambia nilijua wakati ananidanganya, na kwamba nilimwacha adanganye. Nikikaa nayo, nimeipokonya zawadi yangu mwenyewe. Ng'ombe wengi waliozaa majina ya watu nimewaona wakifa, wakichinjwa, wakiliwa na simba, na majina yao yamebaki. Lakini sijawahi kusikia ng'ombe aliyenunuliwa na mtu yuleyule aliyemtoa. Mila yetu haikutungwa kwa ajili ya mikeka ya mnada.

Nikimpelekea gunia bila kuombwa, atalipokea, atanishukuru, na hatakanyaga tena Karatu.

Mchana wa leo, wakati upepo unapiga bati, nilipata wazo. Mama Anna amelikubali, ingawa alisema lilipaswa kuja jana. Nitakwenda Endulen mimi. Nitakwenda kuomba, si kutoa. Nitamwambia Pasaa, mwaka umenibana, nipe kondoo. Akinipa, tutakuwa pia Paker, na deni la heshima litakuwa kwangu, na siku yoyote atakayokuja atakuwa anakuja kwa mtu aliyempa. Hapo anaweza kuniagiza gunia huku amekaa, kwa sauti ya juu, na kunitukana kama nikichelewa kulileta.

Nililifurahia wazo hilo mpaka nilipofika mwisho wake.

Atanipa. Hata kama kondoo aliyebaki ni mmoja, atanipa, maana sijawahi kumwomba kitu na hatakubali mara ya kwanza iwe ya kunyimwa. Nami nitashuka mlima na chakula cha mwisho cha watoto wake kimefungwa kamba.

Kwa hiyo sitakwenda na jina la kitu mdomoni. Kesho alfajiri kuna lori linalopandisha chumvi na sabuni mpaka Endulen, na dereva amenikubalia nafasi. Nitafika, nitasalimia, nitaambiwa wapo. Safari hii nitakaa. Nitamtazama yeye, na mkewe, na watoto wanavyokimbia au wasivyokimbia, na zizi, na kibuyu cha maziwa kama kimetundikwa kikavu. Kisha nitaomba kile nitakachoona anaweza kukitoa bila kupungua, hata kikiwa fimbo ya mzeituni aliyoichonga mwenyewe.

Lazima kitakuwapo kitu. Je, macho haya, yaliyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, yataweza kukiona?