Kanga ya Mwajuma na Neno la Mkaguzi

Temeke, Jumapili, masika.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, manyunyu yasiyoisha, na paa la makuti limeanza kuvuja pembeni pa kitanda. Nimetega sufuria. Nimekaa naitazama ikijaa. Hiyo ndiyo hali yangu leo: ganzi.

Mke wangu Mwajuma alifariki mwezi uliopita kwa homa. Naiandika sentensi hiyo kama ninavyoandika sentensi za mfano ubaoni, kisha nasubiri. Hakuna kinachokuja. Sikulia kaburini, sikulia matangani, na majirani wananisifu kuwa mimi ni mwanamume kweli. Wangejua.

Kinachonipitishia siku ni kamusi. Ni ile nene ya Kiingereza aliyoniachia mwalimu mkuu wa zamani aliporudi kwao Ulaya, inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi. Natafuta yale ya ajabu. "Window", dirisha, asili yake ni mabaharia wa kaskazini walioliita jicho la upepo. "Muscle", msuli, Warumi waliuita panya mdogo, maana ukikunja mkono unaona kitu kinakimbia chini ya ngozi. Hilo nilimwambia binti yangu Zuhura, wa miaka sita. Akakunja mkono wake mwembamba, akamngoja panya. Zamani ningecheka. Na "nightmare" si farasi wa usiku kama nilivyodhani, ni pepo linalomkalia mtu kifuani akiwa usingizini. Kumbe Mwingereza naye hukabwa na jinamizi kama sisi.

Ila neno lililoniganda ni "bereaved".

Mkaguzi wa shule, Mzungu, alipokuja juzi alinipa mkono akaniita hivyo. Maana ya darasani naijua: mfiwa. Nilipolitafuta, kamusi ikasema hapo kale lilikuwa na maana ya mtu aliyeporwa, aliyenyang'anywa chake kwa nguvu. Nilikasirika, au nilitaka kukasirika. Nimeporwa na nani? Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kifo hatukiiti wizi.

Lakini siku ya mazishi kulikuwa na mnyang'anyi, na nilimwona.

Ni Mama Mihayo, jirani yetu muuza vitumbua. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Siku ile alifanya kazi ya mtani. Alivaa kanga ya Mwajuma, akapita uani kwa mwendo wake Mwajuma, akanikaripia kwa sauti yake kwamba nimeukanyaga mkeka na viatu. Watu walicheka hadi wakaanza kulia upya. Kisha akaikumbatia kanga, akatangaza, "Kufa kufaana. Hii yangu. Mzaramo mwenye uchungu na aje aikomboe."

Desturi inajulikana. Mfiwa humjibu mtani, hubishana naye, humtukana kwa utani, mwisho humpa chochote na kitu kinarudi. Ndiyo dawa yenyewe. Mimi nilimtazama tu. Alingoja, kicheko kikafifia, akaondoka na kanga kwapani, ameona haya. Kutomjibu mtani ni kama kutoitikia salamu.

Ijumaa alikuja mama mkwe, Bi Mwanaheri, kutoka Kimbiji. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, kwa upole, kwamba mwanamume peke yake hawezi kulea mtoto wa kike, hivyo Zuhura akakae kwake. Si ubaya, wengi hufanya hivyo. Nikajibu, "Sawa, mama." Nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa kama chai yake imekolea sukari. Anakuja kumchukua kesho.

Zuhura alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia.

Leo mchana, mvua ilipopungua, Mama Mihayo alipiga hodi. Hakutaka kukaa. Alisimama na ile kanga mkononi.

"Mwalimu, kanga haijakombolewa bado. Kitu cha watu kinaniwasha."

Nikaitazama kanga. Akanitazama vizuri, utani ukamtoka usoni.

"Nasikia na mtoto unamtoa. Mie kanga nilikunyang'anya, nikaondoka nayo. Huyu mtoto kakunyang'anya nani? Mbona unampeleka mwenyewe hata hajavutwa?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba yule ni bibi yake, kwamba ndiyo desturi. Badala yake nikamwambia kuwa Wanyamwezi ni wezi tangu enzi za misafara, na kwamba kanga ya mke wangu haiwezi kumzunguka mtu mpana kama yeye. Alishtuka. Kisha akacheka, akasema Mzaramo kafufuka, akadai jogoo. Nilimpa nazi. Akaziponda kwa maneno hizo nazi, akaiweka kanga mkekani, akaenda zake.

Sikulia hata hapo. Ila niliogopa, na tangu Mwajuma aondoke sikuwa hata na woga. Niliiona nyumba hii bila Zuhura, na mimi ndani yake nasoma kamusi.

Kwa hiyo kesho nitamwambia Bi Mwanaheri hapana. Ataumia. Yule marehemu ni mwanawe wa kumzaa, naye ameporwa kama mimi. Nitamwomba akae nasi hapa hadi masika yaishe. Akikataa, sijui nitasema nini.

Jioni hii nimeingia chumbani nikamkuta Zuhura amekwisha kufunga nguo zake mwenyewe, hata gauni la Idi, ameketi juu ya kifurushi ili asimcheleweshe bibi. Nikamwambia afungue, haendi tena.

Hakuruka wala hakufurahi. Alianza kulifungua fundo taratibu, kisha akaniuliza, "Baba, nilikosa nini hata ukataka niende?"

Hapo ndipo nilipolia.