Baruti ya Mzee Laurenti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Antipasi Mughwai. Umri: miaka 21. Kazi: kufyatua matofali, na bodaboda nikipata pikipiki. Makazi: Mandewa, Singida. Elimu: darasa la saba, sekondari nilionja tu.

Naandika mwenyewe. Afande amesema mwandiko wangu unasomeka.

Mnamo tarehe 14 Agosti 2024, saa 3:00 asubuhi, nilifika kwa jirani yangu Mzee Laurenti, mwanajeshi mstaafu. Nikampa shikamoo. Aliniita tubomoe chumba cha nyuma cha nyumba yake. Mwaka jana tulibomoa kingine. Mkewe alifariki, watoto wametawanyika, na anasema vyumba visivyolaliwa vinampigia kelele.

Alikuwepo Mzee Chediel wa Mtinko, aliyekuwa naye jeshini. Mzee Laurenti alikuwa akibomoa madaraja, mwenzake mpishi.

Mzee Laurenti akaniambia, "Huyu kwa ugali wake kalaza askari wengi kuliko adui."

"Na aliyekuwa anarudi kukomba ukoko ni nani?" Mzee Chediel akamjibu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kwa nguvu sina mpinzani Mandewa nzima, lakini nyundo nilinyang'anywa. Mzee alinionyesha: unachimbua ukuta chini, unauegemeza kwa magogo, unafunga kamba kwenye magogo, mnasimama mbali. Kabla hatujavuta akapaza sauti, "Chediel, lete baruti!" Saa 4:20 tukavuta. Ukuta ulipiga magoti, ukalala ndani kwa ndani. Kishindo, vumbi.

Mama Editha wa nyumba ya pili alisikia neno lile, halafu kishindo, akapiga simu polisi. Simlaumu. Lakini baruti ni chai ya Mzee Chediel, tangawizi na pilipili manga. Ndivyo walivyoiita kambini. Nilikunywa vikombe viwili, kilicholipuka ni kifua changu tu.

Mzee Chediel aliondoka na basi la saa 6 mchana. Polisi walipofika saa 7 nilitoka kwangu mbio; Mzee Laurenti alikuwa peke yake anafagia. Walipomtaka aende nao kituoni hakubisha. Alivaa koti akaniambia, "Funga mlango, kijana. Leo nitakuwa na watu wa kuongea nao." Nikafunga mlango, nikawafuata kituoni.

Nimeulizwa nani atamdhamini. Watoto wake watatu nimewapigia, hawapokei. Basi niandikeni mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia kwa masikio yangu.

Sahihi: A. Mughwai

Maelezo ya afisa: Mimi Koplo Winfrida nimepokea maelezo haya. Eneo limekaguliwa, hakuna kilipuzi. Mzee Laurenti ameachiwa saa 10:15 jioni bila dhamana. Hadi saa 12:30 bado amekaa kwenye benchi la mapokezi. Ameambiwa mara mbili kuwa anaweza kwenda nyumbani.