Karatasi Moja Iliyobaki

Kisiwa cha Chula, Jumatano, 1991. Kabla ya Maghrib.



Asubuhi nilimgombeza mama mdogo, na sasa naona haya. Alizikuta mkobani mwangu karatasi za mtihani wa maadili nilizokimbia nazo kutoka chuoni Mogadishu, akazitia motoni zote. Nikamwambia ile ni kazi ya wanafunzi wangu, sijaipa alama. Akanijibu kwa Kibajuni chake huku akichochea moto, "Majina ya wachu hayatembezwi wakati huu, mwanangu."

Kweli. Kila karatasi ilikuwa na majina matatu, la mwanafunzi, la baba na la babu. Mwenye bunduki akiyasoma anaujua ukoo, na siku hizi mtu anauawa kwa ukoo wake.

Lakini moja nilikuwa nimeiweka mfukoni, iliyo bora kuliko zote. Majivuno ya mwalimu tu.

Adhuhuri wakashuka mashuani watu wenye bunduki, wakatupekua. Mmoja akaitoa ile karatasi mfukoni mwangu, akaikunjua, akasoma jina polepole, akaniuliza kwa Kisomali, "Huyu yuko wapi?"

Yuko Kismayo kwa shangazi yake, nyuma ya msikiti. Aliniaga akielekea huko.

Nikasema, "Amekufa."

Akaitupa ile karatasi. Wakaondoka na mchele wetu.

Miaka kumi na tisa nimefundisha kwamba uongo hauna udhuru. Kijana mwenye karatasi hiyo ndiye pekee aliyenipinga kwenye mtihani, na alinipinga vizuri.

Jina lake silitaji hata humu. Tangu aniage sijapata habari zake; naomba tu niwe nimesema uongo.