Mtumbwi wa Baba na Meno ya Fedha

Omurushaka,
Jumanne, baada ya mvua.

Dada yangu mpenzi Adventina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta hapo Isingiro ukiwa mzima, ndizi ziko jikoni na miguu haikusumbui. Shemeji Melkiory anaendeleaje? Na binti yenu Joviana, bi harusi wetu mtarajiwa, na kipenzi changu Mahoro, mpwa wangu mdogo? Wasalimie mmoja mmoja, usiwajumlishe kama mafungu ya nyanya.

Sisi huku tu wazima, na mimi kuliko wote. Dada, mdogo wako ana bahati ya pekee. Mungu alipokuwa anaigawa, mimi nilikuwa mbele ya foleni na ndoo mbili. Utaona mwandiko huu si wangu, usishtuke. Nimekuwa mtu mkubwa, nina karani. Nakaa kwenye kiti, nanyoosha miguu, nasema, na Prudensia wa duka la jirani, kidato cha nne kamili, anaandika. Wakuu wa wilaya ndivyo wanavyofanya. Mimi niliyeishia darasa la tano kwa sababu mwalimu alinionea wivu, leo msomi ananiandikia, na nikikohoa anauliza kama na kikohozi kiandikwe.

Bahati ya pili ni hii. Mwezi uliopita watu wa afya walikuja kwenye karakana yetu ya betri wakatutoa damu mafundi wote watatu. Nilimwambia nesi aitoe polepole, maana damu hii imetembea Kampala na Mwanza, ina mambo mengi ndani. Waliporudi na majibu, Novatus amekutwa na sumu, Anatory amekutwa na sumu, mimi safi kama maji ya chemchemi. Daktari mwenyewe alishangaa.

Sasa hiyo sumu ndiyo imenifanya nikuandikie. Simu nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara tatu nimeishia kukuuliza habari za mbuzi. Nikikusikia unacheka, nashindwa. Karatasi haicheki.

Kazi yetu unaijua. Betri za magari zilizokufa tunazipasua, tunatoa zile sahani za ndani, tunaziyeyusha kwenye karai mpaka ziwe kama uji unaong'aa. Hiyo ndiyo risasi. Daktari alisema haiwashi wala hainuki. Inaingia kwa moshi, kwa mikono unayolia ugali, kwa kunywa, na ikishaingia inajificha mifupani. Mtu mzima inamsokota tumbo, choo kinakataa, mikono inalegea. Mwanamke inamtoa mimba. Mtoto mdogo inamkaa kichwani, yale anayoyajua anaanza kuyasahau. Novatus akauliza kuhusu maziwa, maana sisi kila jioni tulikuwa tunakunywa nusu lita kwa imani kwamba yanaisafisha. Daktari akasema maziwa ni chakula kizuri, lakini risasi hayaiwezi.

Halafu, akiwa anafunga begi lake, akatuonya tusithubutu kuziba chombo cha chakula kwa risasi, hasa chombo cha kitu kichachu, kwa sababu uchachu unaila kidogo kidogo, na tena inaleta utamu. Dada, niliposikia utamu, nilikaa chini kwenye matope.

Kumbuka tulipomaliza matanga ya baba, wewe ulirithi mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, ule aliouchonga mwenyewe kwa gogo moja. Ulikuwa umepasuka pande mbili, unavuja, ukaulilia kana kwamba baba amekufa mara ya pili. Mimi nikasema acha machozi, fundi yupo. Nikaja na karai langu, nikamimina risasi ya betri kwenye nyufa zote, nikaisugua ikang'aa, nikawatangazia kwamba nimemwekea baba meno ya fedha. Majirani walikuja kuyaona. Na tangu hapo rubisi yenu, pombe ya ndizi, ikawa tamu kuliko ya kijiji kizima, hata ikilala siku nne haichomi ulimi. Watu wakauliza siri, nikawaambia siri ni mkono wangu. Na kweli ulikuwa mkono wangu. Hata omuramba, yale maji matamu kabla hayajawa pombe, kikombe cha kwanza nilimpa Mahoro mimi mwenyewe.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakusifu. Bibi Kokuberwa, jirani yenu wa kupakana migomba, alionja, akatema, akasema utamu huu unaacha ladha ya sarafu mdomoni. Hakunywa tena kwenu. Ndipo shemeji alipoanza kusokotwa tumbo, akarudi kutoka zahanati mara mbili na dawa za minyoo, kisha mkono wake ukaanguka, kiganja kikawa kinaning'inia, hata kisu cha kupogolea migomba hakishikiki. Ndipo wewe ulipopoteza mimba, na ya pili. Na Mahoro, ambaye mwaka jana alinihesabia mpaka ishirini kwa biskuti moja, Pasaka hii alifika nne akanitazama kama mgeni. Tulipokaa kujiuliza, nani alisema kwanza kwamba aliyeikataa pombe yetu ndiye anayejua alichoweka ndani? Mimi, dada. Kwa mdomo huu huu. Mkaacha kumsalimia, shemeji akaziba kijia chake cha kisimani, na kanisani mama wa watu anakaa benchi peke yake.

Nilimfuata daktari mpaka kwenye gari nikamwambia nina rafiki aliyeziba mtumbwi. Akaniuliza kama nyumba hiyo ina watoto. Nikasema yuko mpwa wake. Hakuniuliza jina la rafiki.

Jumamosi wakwe wa Joviana wanakuja, na najua Alhamisi mnakamua. Dada, nakusihi, msikamue. Barua hii anaileta Nestory, konda wa basi la Kyerwa, nimemwambia akukabidhi mkononi. Mtumbwi uwekeni mbali na watu. Msiuchanje kuni, moshi wake nao ni sumu, na mbuzi wasiunywee. Rubisi iliyobaki vibuyuni ichimbieni shimo, mbali na kisima. Wakwe wanywe soda. Watatusema, watuseme. Kisha wewe, shemeji, Joviana na Mahoro mwende hospitali kubwa, mlitaje neno risasi, mwombe kupimwa damu. Wakisema minyoo, msiondoke. Daktari alisema kwa mtoto kilichopotea huenda kisirudi chote, lakini kilichobaki kinaokolewa akiacha kunywa leo.

Kwa Bibi Kokuberwa nitakuja kupiga magoti mwenyewe. Wewe anza na salamu, na shemeji afungue kijia.

Prudensia ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwambia karani halii kazini.

Basi, nisalimie wote hapo nyumbani. Mwambie Mahoro mjomba anakuja na biskuti, na akifika nne zinatosha, atapewa zote.

Dada, nilitaka kufunga hapa. Lakini ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Sikutoka safi. Kati yetu watatu, damu yangu ndiyo mbaya kuliko zote. Na karani sina, Prudensia ananisaidia tu. Mkono wangu wa kulia umeanguka kama wa shemeji, wiki ya tatu sasa, na kalamu haikai.

Ni mimi mdogo wako,
Nolasco
(dole gumba la kushoto)