Nana Yaa Dufie: Kinu Kitarudi Pale Pale

Mwaka umetimia, Nana, tangu mchi wako utulie chini ya Jumba la Boadu, hapa Kumasi.

Ghorofa ya juu wakili, ya kati mafundi cherehani, chini wewe na mkahawa wako, Aduane Pa, miaka arobaini na mmoja. Wakili alilalamika kila siku kwamba unatwanga fufu ya mihogo na ndizi hadi meza yake inatikisika. Saa sita ikigonga, wa kwanza kushuka na bakuli ni yeye.

Hukumwacha mtu apite na njaa. “Wewe, mbona umekonda kama kamba ya kiatu? Keti!”

Warithi wa Boadu walipoliuza jumba, wavunjaji walikuja na nyundo. Ukawapokea mlangoni: “Wanangu, nyumba haivunjwi kwa tumbo tupu. Kuleni kwanza.”

Wakala. Baada ya hapo, nani angeinua nyundo juu ya meko yaliyomlisha?

Msimamizi wao akafoka: “Mama, hii ni kazi tu!”

“Na hii ni supu tu, bwana mkubwa. Ya karanga. Nikuongeze?”

Siku nne mfululizo. Ya tano walikuja na mikate yao mifukoni, harufu ya supu ikawashinda, wakaketi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Hawakurudi tena ukiwa hai. Wiki mbili baada ya mazishi yako walileta tingatinga, kitu kisichokula.

Leo, juu ya uzio wao wa mabati, wanunuzi wameandika kwamba kiwanja hiki kilikuwa kitupu tangu zamani. Kitupu! Wametuonya pia kwamba tukipika pale tutafukuzwa.

Basi wasikie, Nana, nawe usikie:

Ukuta mmebomoa, harufu hamkuzoa,
Kinu tulikiokoa, na mchi tumeutoa.

Jumamosi hii, saa sita mchana, tutavaa nyeupe na kukisimamisha kinu chako mbele ya lango lao. Kila uliyemlisha aje na bakuli lake. Wafanyakazi wao nao wanakaribishwa. Msimamizi ana nafasi yake.

Wanaokukumbuka: binti yako Adwoa Serwaa, mdogo wako Opoku, wajukuu wako Kwabena, Afua na Yaw, pamoja na mafundi wote wa ghorofa ya kati.

Hatutakusahau, Nana. Na wao, kila wakisikia mchi, hawatapata nafasi ya kukusahau.